Jina la Mwamvua na Maji ya Ubatizo



Neno letu la mwezi huu limo katika kitabu cha nabii Isaya, sura ya 43, mstari wa kwanza na wa pili. Tafadhali kila mmoja afungue Biblia yake na kuisoma mistari hiyo kabla hajaendelea na ukurasa huu, maana sisi hatutainakili hapa. Humo Mungu asema na watu waliochukuliwa mbali na kwao, watu waliopotewa na mashamba na nyumba, naye awaambia mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, kwamba amewaita kwa jina. La pili, kwamba watakapopita katika maji na katika mito, yeye atakuwa pamoja nao. Sisi wa Rufiji na Kibiti tumezoea kuyasikia mambo hayo kila moja mahali pake: habari za jina twazisikia siku ya ubatizo, habari za maji twazisikia redioni wakati wa masika. Nabii ameyaweka mahali pamoja, nasi tungependa kuyatazama hivyo hivyo kwa njia ya jina moja la kike ambalo wengi wetu twalijua tangu utotoni, nalo ni Mwamvua.

Tuanze na sarufi kidogo. Mwalimu hata akistaafu, vumbi la chaki halimtoki vidoleni. Jina lenyewe kwa ukamilifu wake ni Mwanamvua. Ulimi wa watu wa Pwani haupendi kuchelewa, basi silabi moja ikamezwa, kama vile Mwanajuma alivyokuwa Mwajuma, yaani aliyezaliwa siku ya Ijumaa. Refu na fupi yote mawili yangali yakitumika. Bi. Mwanamvua Mrindoko, kwa mfano, aliyeteuliwa kuwa Mkuu wa Mkoa wa Katavi mwaka 2021, huliandika kwa urefu wake. Mama zetu wengi wa Ikwiriri, Bungu na Nyamisati hulifupisha.

Neno mvua halihitaji kufafanuliwa kwa mtu wa Rufiji. Lakini neno mwana lina mambo. Kwanza ni mtoto, kama sote tujuavyo. Tena katika miji ya zamani ya mwambao lilikuwa neno la heshima kwa mwanamke wa daraja, kama tusemavyo Bibi. Ndivyo alivyoitwa Mwana Kupona binti Mshamu wa Siu, yule aliyemtungia bintiye utenzi wa mawaidha mnamo mwaka 1858. Kwa wanaume heshima hiyo ilichukuliwa na neno mwinyi, na ndiyo sababu mvulana aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Mwinyimvua. Kwa hiyo mzazi anayemwita binti yake Mwamvua amesema maneno mawili kwa pumzi moja: huyu ni mtoto aliyekuja na mvua, na huyu ni bibi mwenye heshima zake, ingawa bado ananyonya.

Watoto wa shule, ambao hawakosi la kusema, huwatania akina Mwamvua kwa kuwaita Mwamvuli. Tuliwasahihisha mara nyingi darasani, na tuwasahihishe hapa tena: mwavuli, au mwamvuli kama wengine watamkavyo, ni ndugu wa kivuli na uvuli. Ni kitu cha kujikinga na mvua. Mwamvua ni mtu aliyekuja nayo.

Wala tusidhani kwamba jina hili ni la watu wa Pwani peke yao. Wakamba wa Kenya, ambao mvua huiita mbua, humwita binti wa namna hiyo Mumbua, na mvulana Wambua. Wajaluo, wa Mara na wa Kenya, wana Akoth na Okoth. Wakalenjin wana Cherop na Kiprop. Na huko mbali, Afrika ya Kusini, Wazulu wana Nomvula. Hebu yatamkeni kwa sauti Mumbua, Nomvula na Mwamvua, mtasikia kwamba ndani yake mna neno moja la mababu lililosafiri kwa miguu kutoka nchi hata nchi. Mababu hao hawakuwa na Biblia mikononi, lakini walilijua jambo ambalo Musa aliwakumbusha Waisraeli katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 11: kwamba iko nchi inayonyweshwa kwa mguu wa mkulima, kama Misri ilivyokuwa, na iko nchi inayokunywa maji ya mvua kutoka mbinguni, na mtu wa nchi hiyo shurti atazame juu. Waliotafsiri Biblia yetu walipofika penye mvua mbili za nchi ya Israeli hawakutafuta maneno ya kigeni. Walichukua masika na vuli, maneno yetu ya shambani. Tazameni Yoeli 2:23.

Hapa petu jambo hili lina uzito wake wa pekee. Bonde lote la mto Rufiji lakusanya maji ya eneo la kilometa za mraba zipatazo 177,000, karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara. Mvua inayoijaza mito ya Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu hunyesha Mbeya na Iringa, Njombe na Morogoro, juu ya mashamba ya watu tusiowajua, kisha hutushukia sisi siku nyingi baadaye, pengine jua likiwa linawaka Kibiti. Huko delta, kati ya mikoko ya Salale, Mbuchi na Msala, maji hayo matamu ndiyo yanayoirudisha nyuma chumvi ya bahari hata mpunga ukaweza kuota. Mto ukipungukiwa mno, bahari hupanda ndani, na mpunga huungua kwa chumvi. Na kule juu bondeni, mto ukifurika huacha tope lenye rutuba. Maji yakipungua wakulima hufuata nyuma yake na kupanda mazao ya mlau, na samaki hubaki wakinaswa katika mabwawa. Ndiyo sababu wazee wetu walijenga madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakakaa humo wakiwinga ndege na nguruwe huku maji yakipita chini yao. Mafuriko ya kiasi waliyaomba, mafuriko makubwa waliyaogopa, na maneno hayo mawili yaliweza kutoka katika kinywa cha mzee mmoja katika sala moja. Mtoto wa kike akizaliwa katika siku za maji ya kiasi, jina lilikuwa limekwisha kupatikana kabla mkunga hajanawa mikono.

Kwa hiyo lilienea sana. Tulipokuwa tukiita majina asubuhi, akina Mwamvua walikuwa wawili, pengine watatu, katika darasa moja. Tukawapambanua kwa majina ya baba zao, au kwa Mwamvua Mrefu na Mwamvua Mfupi, mpaka yule Mfupi alipompita Mrefu kwa kimo na sisi tukachanganyikiwa. Waislamu, ambao ndio majirani zetu wengi, walilitumia. Wakristo wachache waliokuwapo walilitumia. Halina ugomvi na mtu. Siku hizi katika madarasa ya watoto wadogo twalisikia kwa nadra. Twasikia Glory, twasikia Precious, twasikia Brightness. Ni majina mazuri, hatuyatukani, ingawa tumewahi kumwuliza mzazi mmoja maana ya jina la mwanawe akatujibu kwamba alilisikia katika televisheni likamkaa vizuri masikioni.

Sababu za kupungua kwake ni nyingi, na nyingine ni za mapito tu, kama mtindo wa kanga mpya. Lakini ziko mbili ambazo Kanisa haliwezi kuzinyamazia.

Ya kwanza ni kwamba wako Wakristo wanaodhani jina hili haliwezi kuingia kanisani. Msichana anakuja katika darasa la ubatizo akiitwa Mwamvua. Shangazi au jirani amwambia ati hilo ni jina la Kiislamu, au ati ni jina la mizimu, hana budi kuliacha nje ya mlango kama mwavuli uliolowa. Siku ya ubatizo anatajwa Maria. Maria ni jina tukufu, nani asiyelipenda? Lakini tazameni yanayofuata. Cheti cha kuzaliwa chasema Mwamvua, cheti cha darasa la saba chasema Mwamvua, cheti cha ubatizo chasema Maria, na kitambulisho cha taifa chasema lolote alilojibu siku ile alipoulizwa. Akifika kutafuta kazi au kufunga ndoa aambiwa alete hati ya kiapo kuthibitisha kwamba Mwamvua na Maria ni mtu mmoja. Tumewasindikiza wasichana kadhaa katika safari hizo za kiapo, tukawa tukijiuliza njiani kama maji ya ubatizo yaliwagawanya mtu mmoja kuwa wawili. Na hayo ni ya karatasi tu. Ya moyoni ni makubwa zaidi: bibi yake kijijini bado humwita Mwamvua, naye huona haya kuitika mbele ya Wakristo wenzake.

Basi turudi kwenye Maandiko. Foibe, yule dada wa Kenkrea ambaye Mtakatifu Paulo amsifu katika Warumi 16, alikuwa na jina ambalo Wayunani walilitumia kwa mmoja wa miungu yao ya kike. Apolo, mhubiri hodari wa Matendo 18, jina lake lasikika wazi lilikotoka. Hatusomi popote kwamba Mitume waliwaambia wayabadili. Sauli hakuliacha jina lake katika njia ya Dameski. Twaendelea kumsoma Sauli mpaka Matendo sura ya 13, ambako twaambiwa kwamba aliitwa pia Paulo. Mtu atasema, je, Simoni hakuitwa Petro? Naam, aliitwa, na aliyempa jina ni Bwana mwenyewe. Lakini baada ya kufufuka, kando ya bahari, alipomwuliza mara tatu kama ampenda, alimwita Simoni wa Yohana, kwa jina lile lile alilopewa nyumbani kwao.

Na Kanisa letu hapa Afrika Mashariki lilianzaje? Wamisionari wa UMCA walipohamia Zanzibar mwaka 1864 waliwapokea watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa, wakawabatiza, na wengi wakapewa majina ya Kiingereza. Hata hivyo yule aliyewekwa kuwa shemasi mwaka 1879 twamjua kwa jina la John Swedi. Na yule aliyewekwa kuwa padre mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupata daraja hiyo, twamjua kwa jina la Cecil Majaliwa. Alipewa Cecil, akabaki Majaliwa. Jina hilo la pili ndilo linalomshukuru Mungu kwa lugha yetu, nalo lilisimama naye madhabahuni. Kama Majaliwa aliweza kuingia kanisani mwaka 1890, sisi hatuoni ni nani leo awezaye kumzuia Mwamvua mlangoni.

Sababu ya pili ni nzito kuliko hiyo, nasi twaiandika kwa uangalifu, maana wako watakaousoma ukurasa huu na vidonda vyao havijapona.

Pasaka ya mwaka 2024 iliangukia tarehe 31 Machi. Siku arobaini za Pasaka hazijaisha, sehemu kubwa za Rufiji na Kibiti zilikuwa chini ya maji. Muhoro, mji ule ule ambapo Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale mwezi wa Agosti 1905 baada ya kuwaahidi watu kwamba maji yatawakinga na risasi, ulivamiwa na maji, na watu wakatoka kwa mitumbwi. Mpunga na mahindi vilioza mashambani. Wengine walilitaja bwawa la Mwalimu Nyerere, ambalo lilikuwa limeanza kutoa umeme mwezi wa Februari mwaka huo. Wengine walizitaja mvua za El Nino. Mabishano hayo yalifika hata barazani baada ya Misa, nasi si wahandisi. Mwanzoni mwa Mei kikaja kimbunga Hidaya, kana kwamba tulikuwa hatujatosheka. Wenye umri wetu wanakumbuka pia mafuriko ya 1974 na ya 1998, na ya 2020 ni ya juzi tu. Wazazi wetu walitusimulia ya 1968, ambayo baada yake Serikali iliwahamisha watu wa bondeni wakaenda kukaa katika vijiji vya ujamaa penye miinuko. Wengi walishukuru kupata shule na zahanati, na wengi waliendelea kushuka bondeni kulima, maana rutuba haikuhama pamoja nao.

Katika siku zile za Aprili mama mmoja kijana wa huku kwetu alijifungua mtoto wa kike katika darasa la shule, walikohifadhiwa waliokimbia maji. Shamba lake lote la mpunga lilikuwa limekwenda, na mbuzi, na gunia la mbegu alilolihifadhi kwa mwaka ujao. Mama mkwe wake alimpokea mtoto, akamfunika kanga, akasema:

"Mwanangu, huyu ni Mwamvua. Marehemu mama yangu aliitwa hivyo."

"Mama, nakuheshimu," akajibu yule kijana, "lakini jina hilo sitaliita. Kila nikimwita mtoto nitakuwa naliita lile shamba."

Yule bibi hakukasirika. Aliuliza tu, basi tumwite nani, na mzazi akasema bado hajui. Tulipokwenda kumpa pole na hongera, tusijue ipi itangulie, mtoto alikuwa na wiki tatu naye akiitwa Kadogo. Mama yake alitutazama, akauliza swali ambalo sisi katika miaka yote ya kufundisha hatukupata kuulizwa na mwanafunzi yeyote:

"Mwalimu, huyo Mungu mtakayemwomba siku ya kumbatiza mtoto wangu, ndiye aliyeileta mvua ile?"

Hatukumwambia kwamba Mungu alilichukua shamba ili kumfundisha jambo. Maandiko hayatupi ruhusa ya kusema hivyo mbele ya mtu aliyeketi juu ya mkeka wa kuazima. Rafiki za Ayubu walifanya vema walipoketi naye siku saba bila kusema neno; waliharibu walipofungua vinywa. Nasi tulikaa kimya kwanza, na bibi akatuletea uji.

Baadaye tulizungumza, na tuliyoyazungumza ndiyo haya tunayotaka kuyaweka mbele ya parishi nzima.

Tulimkumbusha Naomi. Alipotoka Moabu bila mume na bila wana, wanawake wa Bethlehemu wakamlaki, naye akawakataza wasimwite Naomi, wamwite Mara, kwa kuwa Mwenyezi amemtenda mambo machungu. Imo katika Ruthu, sura ya kwanza. Biblia haikumkemea. Imeyaandika maneno yake ya uchungu kama alivyoyasema, pamoja na lawama yake kwa Mungu, nasi twayasoma kanisani. Kwa hiyo mama anayesema jina fulani halimtoki kinywani asionekane kwamba amekosa imani. Lakini angalieni jambo moja ambalo ni rahisi kulipita. Mwandishi wa kitabu kile, baada ya kumsikiliza Naomi mpaka mwisho, anaendelea kumwita Naomi. Hakumwita Mara hata mara moja. Na katika sura ya 4, mtoto alipozaliwa na kuwekwa kifuani pake, waliompa mtoto jina walikuwa wanawake majirani. Huenda hata huko Bethlehemu bibi na mama walikuwa wameshindwa kukubaliana.

Kisha tulimkumbusha Musa. Wengi wetu twajua kwamba binti Farao alimpa jina hilo kwa sababu alimtoa majini, Kutoka 2:10. Twalisimulia kwa watoto kama hadithi tamu ya kisafina na matete. Lakini rudini nyuma mistari michache, mwisho wa sura ya kwanza. Mto ule ndio Farao alioamuru watoto wa kiume wa Waebrania watupwe humo. Jirani za mama yake Musa walipotewa na wana wao katika maji yale yale. Basi kila Miriamu alipomwita ndugu yake kwa jina lake, aliutaja mto. Kila mama yake alipolisikia, alikumbuka wale ambao hawakutolewa. Jina lile halikuusifu mto Nili, wala halikusema kwamba mto ulifanya vema. Lilisema kwamba huyu alitolewa. Na alipokuwa mtu mzima huko jangwani, Mungu alimwita kutoka kijiti kilichowaka moto kwa jina lile lile, jina la msiba na la wokovu, jina alilopewa na mwanamke asiyemjua Mungu wa Israeli, tena akalitaja mara mbili.

Ndipo yule mama kijana akasema polepole, "Kwa hiyo Mwamvua si mvua." Hatukuwa na la kuongeza.

Tena, ndugu zetu, Kanisa lenyewe halikuyaficha maji. Wanaoujua utaratibu wa zamani katika Kitabu cha Sala watakumbuka kwamba ibada ya ubatizo wa watoto yafunguliwa kwa sala inayomtaja Nuhu na jamaa yake waliookolewa katika safina, kisha yawataja Waisraeli waliopitishwa katika Bahari ya Shamu. Mtakatifu Petro naye, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3, aliunganisha gharika na ubatizo. Tunamleta mtoto mchanga amevaa nguo nyeupe, na neno la kwanza tunalomwomba Mungu juu yake ni habari ya mafuriko. Zamani tulikuwa tukiisikia sala hiyo kama mtu anavyosikia tangazo la ndoa ya mtu asiyemjua. Tangu Aprili 2024 haipiti masikioni bila kugusa. Maji yanayoweza kuzamisha na maji yanayozaa mtu upya yako katika bakuli moja, na padre huchota humo kwa kiganja chake.

Hapo ndipo Isaya 43 inapotujia kwa nguvu. Nabii hakuwaahidi watu wake kwamba mito haitafurika. Alisema watakapopita. Wala hakusema kwamba Mungu atawatazama kutoka ukingoni. Alisema atakuwa pamoja nao humo. Na kabla ya kutaja mto wowote, alitaja jina. Aitwaye kwa jina hupotea kwa shida, kama wanavyojua wote waliotafutana usiku ule wakipaza sauti juu ya maji.

Mwajua pia neno la Bwana wetu katika Mathayo 5:45, kwamba Baba huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Twapenda kulisoma shamba la jirani mbaya linapostawi. Yafaa kulisoma pia tunapomkumbuka jirani Mwislamu wa Muhoro aliyempakia Mkristo katika mtumbwi wake, na Mkristo wa Kibiti aliyempa yule wa Muhoro chumba. Mvua ile haikuuliza dini, na mitumbwi haikuuliza. Jina la Mwamvua, lililokaa katika nyumba za hawa na za wale kwa vizazi vingi bila kuuliza, lina haki ya kukaa pia katika daftari letu la ubatizo.

Yule mtoto alibatizwa vuli ilipoanza. Padre alipouliza jina, wadhamini walijibu Rehema, jina alilolichagua mama yake, na lilikuwa chaguo lake kuchagua. Nyumbani bibi yake humwita Mwamvua. Na mama yake, tulipowatembelea mara ya mwisho, alikuwa akiyaita yote mawili, kutegemea mtoto amemwaga nini.

Sasa tunayo maombi kwa wazazi na wadhamini wa mwaka huu, nayo tumekwisha kumwambia padre. Mjapo kuandikisha mtoto, mje na majina yake yote, la nyumbani na la ubatizo kama ni mawili, na yote yaandikwe katika daftari na katika cheti kwa mfuatano ule ule wa cheti cha kuzaliwa, ili tusiwapeleke watoto mahakamani kuapa kwamba wao ni wao. Mje pia na mtu mzima awezaye kueleza maana ya jina la nyumbani. Bibi ndiye afaaye zaidi, na kama hawezi kutembea tutamfuata sisi. Walio watu wazima, ambao majina yao yaliachwa mlangoni miaka iliyopita nao wangependa yaandikwe kando ya jina la ubatizo, wamwone katibu wa parishi Jumapili baada ya Misa ya pili.

Majina mengine kama Tabu, Shida na Mwamvita, ambayo ndugu kadhaa wametuuliza, yana maneno yake, nayo twayaacha kwa toleo lijalo.